Dhulma Kazini na Milango ya Sheria

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)





Hatukukusanyika jioni hii kupigiana makofi. Tumekusanyika kwa sababu wamekuwa wakija hapa tawini watu wa namna mbali mbali, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja huleta malalamiko yenye sura yake, lakini shina lao ni moja: kuonewa kazini na mtu mwenye cheo au nguvu kumshinda. Tumeona si haki kumjibu kila mmoja faraghani, kwani yanayomhusu mmoja yanawahusu wengi. Tumeona bora tuyaseme mbele ya wote.

Tutaanza na mmoja wao, ambaye jina lake halina haja kutajwa. Alikuwa kijana wetu wa Pemba, karani wa ghala huko Dar es Salaam. Msimamizi wake alikuwa akimwita kwa majina ya kudharau asili yake mbele ya wachukuzi. Alimnyima mapumziko, akamtwika kazi zisizo zake, na kila alipokosea jambo dogo alimtukana mbele ya wateja. Kijana alivumilia mwaka na nusu. Asubuhi moja alizitupa funguo za ghala mezani, hakusema neno, akapanda boti akarudi kwao. Alipokuja kwetu miezi saba ilikuwa imekwisha pita. Hakuwa na barua hata moja. Hakupata kumshitakia mtu yeyote mle kazini, wala hakuingia katika afisi yoyote ya kazi. Ndugu zetu, tulitaka sana kumsaidia, lakini tulikuwa kama watu waliofika gatini na meli imekwisha ng'oa nanga. Haki alikuwa nayo. Kilichompotea ni njia ya kuifikia.

Basi neno letu la leo ni hili. Sheria haikumwacha mfanyi kazi mikono mitupu mbele ya dhulma, lakini milango yake hufunguliwa kwa maandishi, na hufungwa kwa siku. Mwenye kunyamaza huikosa, na mwenye kuondoka kwa hasira huikosa vile vile.

Kwanza yatupasa tujue dhulma kazini ni kitu gani, maana si kila kinachotuudhi ni dhulma. Tajiri ana haki ya kutoa amri, ya kumkanya aliyechelewa, na ya kumwadhibu mkosa kwa taratibu zilizowekwa. Mwenye kukanywa kwa kosa lake, kwa lugha ya heshima, hakuonewa. Dhulma ni matusi na kejeli, ni vitisho, ni kumtenga mtu asisemeshwe na wenzake, ni kumnyang'anya kazi yake akaachwa akae bure ili aonekane hana faida, ni kumhamisha hamisha bila sababu, na ni kumtaka mwanamke mwili wake kwa ahadi ya cheo au kwa tishio la kufukuzwa. Mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva, katika Shirika la Kazi Duniani, yalipitisha Mkataba Namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Mkataba huo huifunga nchi iliyouridhia tu, lakini maana iliyomo ndani yake yatufaa sote. Wasema kwamba unyanyasaji ni mwenendo usiokubalika, au hata tishio lake, ukitokea mara moja au ukikaririwa, ambao wakusudia, au wasababisha, au waweza kusababisha madhara ya mwili, ya nafsi, ya kijinsia au ya kiuchumi. Tena wamlinda si mwajiriwa peke yake, bali hata anayejifunza kazi, anayejitolea, na anayeomba kazi. Vijana wetu walioko katika mahoteli ya pwani kwa mafunzo wasidhani kwamba kwa kuwa hawana mshahara basi hawana heshima.

Sasa tuingie katika sheria zetu, na hapa tunaomba mtege masikio, kwani wengi hukosea njia. Mambo ya kazi na ajira si mambo ya Muungano. Anayefanya kazi Unguja au Pemba ana sheria za Zanzibar, na anayefanya kazi Tanga, Dar es Salaam au Mwanza ana sheria za Tanzania Bara, hata kama kwao ni Wete. Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Bara ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtu asichukue hesabu ya siku za Bara akaitumia Unguja, wala asichukue khabari za Unguja akazipeleka Kariakoo.

Jambo la pili la kujua ni kwamba mtu akiingia afisini akasema, "Nanyanyaswa," huulizwa: umefanyiwa nini? Neno hilo ni pana, na sheria hupenda jambo liitwe kwa jina lake. Yafaa basi tuyajue majina hayo.

Mlango wa kwanza ni ubaguzi. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 chakataza mtu kubaguliwa, na miongoni mwa mambo kinachoyataja ni pahala mtu alipotokea na maoni yake ya kisiasa. Sheria ya Bara ya 2004 yaenda mbali zaidi. Yasema waziwazi kwamba kumnyanyasa mfanyi kazi kwa sababu ya rangi, kabila au mahali anapotoka, dini, maoni ya siasa, jinsia, uja uzito, ndoa, ulemavu, umri na mengineyo iliyoyataja, ni namna ya ubaguzi, nao umekatazwa. Yule kijana wetu aliyetukanwa asili yake mbele ya wachukuzi, mlango huu ulikuwa wake. Na mtu anayesumbuliwa kazini kwa kuwa ameonekana katika mkutano wa chama fulani, mlango huu ni wake pia, awe wa chama chetu au cha wenzetu. Tena hapa kuna faida kubwa: mfanyi kazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba alibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kuwa hakukuwa na ubaguzi humwangukia tajiri.

Mlango wa pili ni udhalilishaji wa kijinsia. Sheria zetu za kazi zimeukataza. Dada zetu wengi huja wakilia, kisha husema, "Msimwambie mtu, nitaaibika." Twawaambia kwa heshima: aibu ni ya mtendaji. Mwanamke aliyekataa hana aibu, ana haki.

Mlango wa tatu ni wa mtu aliyelazimishwa kuacha kazi. Tajiri mjanja hamfukuzi mtu, kwa sababu akimfukuza ataulizwa sababu. Humfanyia kazi kuwa moto hata mtu mwenyewe akimbie, kisha husema, "Sikumfukuza, ameacha kwa khiari yake." Sheria ya Bara imeuona ujanja huo. Imesema kwamba mfanyi kazi aliyeacha kwa kuwa tajiri ameifanya kazi isivumilike, huhesabiwa kuwa ameachishwa na tajiri. Kanuni za mwenendo bora zilizotolewa mwaka 2007 zataja mifano: mtu aliyedhalilishwa kijinsia au aliyeachwa bila kulindwa na udhalilishaji huo, na mtu aliyetendewa isivyo haki, maadamu mtu huyo ametumia kwanza njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa awe na sababu njema ya kutozitumia. Yashikeni maneno hayo ya mwisho. Aliyeondoka bila kulalamika amejitilia kigingi mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Na yeye ndiye atakayetakiwa athibitishe kwanza kwamba alilazimishwa. Kadhalika mlango huu kwa kawaida si wa mtu ambaye hajatimiza miezi sita katika kazi hiyo.

Mlango wa nne ni wa jinai. Kupigwa, kushikwa mwili bila ridhaa, na kutishiwa maisha si mambo ya kazi tu, ni makosa ya jinai, na mtendaji hawi salama kwa kuwa ana kiti cha umeneja. Aliyepigwa aende polisi siku ile ile, apewe fomu ya matibabu iitwayo PF3, aende spitali, na daktari aandike alichokiona. Jeraha hupona katika wiki mbili, na likishapona bila kuandikwa, hubaki neno lako na neno lake. Kesi ya polisi haiizuii ile ya kazi. Kila moja ina njia yake.

Ama watumishi wa Serikali ya Zanzibar wanayo pia Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011, na taratibu zake za nidhamu na za kukata rufaa. Mtumishi aliyeonewa na mkuu wake wa kazi asidhani kwamba mkuu yule ndiye mwisho wa safari.

Hiyo ndiyo milango. Sasa twendeni kwenye funguo zake, nazo ni nne.

Ufunguo wa kwanza ni daftari. Siku ya kwanza unapoonewa, nunua daftari la shilingi chache ulifiche nyumbani. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na nani alikuwapo. Usiandike "amenitukana sana," andika alilolisema. Ujumbe uliotumiwa katika simu usiufute hata kama wakutia uchungu kuutazama. Hifadhi mkataba wako, karatasi za mshahara na barua zote ulizopewa. Lakini usiibe makaratasi ya afisi yasiyo yako, kwani utampa adui kosa la kukufukuzia.

Ufunguo wa pili ni barua. Lalamika mle ndani kwanza, kwa maandishi, kwa mkubwa wa yule anayekuonea au kwa afisa anayeshughulikia wafanyi kazi. Barua iwe fupi na ya adabu: limetokea hili, tarehe hii, naomba lishughulikiwe. Fanya nakala mbili, na nakala yako itiwe sahihi na tarehe na aliyeipokea. Akikataa kutia sahihi, andika katika daftari lako kwamba amekataa, na nani aliona. Na ikiwa mambo yamekufika shingoni huna budi kuacha kazi, sababu ya kweli iandikwe ndani ya barua ya kuacha. Tumeiona barua ya dada mmoja aliyesumbuliwa miezi na miezi, kisha kwa staha akaandika kwamba anaacha "kwa sababu za kifamilia" na kumshukuru tajiri kwa wema wake. Staha ile ilimgharimu, kwa maana karatasi ilisema kinyume cha machozi yake.

Ufunguo wa tatu ni siku. Bara, shauri la kuachishwa kazi, pamoja na huko kulazimishwa kuacha, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mashauri mengine hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Hujazwa Fomu Namba 1, na nakala hupelekwa kwa tajiri. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa Fomu Namba 2, lakini sharti aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa, na "sikujua" si sababu yenye nguvu. Kwa walioko hapa visiwani, mahali pa kwenda ni Kamisheni ya Kazi, na kitengo cha kusuluhisha migogoro ya kazi kilichowekwa chini ya ile Sheria Namba 1 ya 2005, kisha Mahkama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahkama Kuu. Shauri letu kwenu ni moja: nendeni wiki ile ile jambo linapotokea. Msingoje mfungo uishe, msingoje mwezi wa mshahara.

Ufunguo wa nne ni wenzako. Usiende peke yako. Mwenye chama cha wafanyi kazi akiite, kwani kiongozi wa chama ana ruhusa ya kusimama naye. Asiye na chama aulize kwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Zanzibar, ZATUC, kilicho karibu na kazi yake. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, hutoa msaada kwa watu wasio na uwezo. Na mfanyi kazi mwenzako aliyeona na kusikia, akikubali kutoa ushahidi, ni bora kuliko maneno ya ufasaha kumi.

Mtauliza, nikishafika huko hutokea nini? Kwanza huwekwa usuluhishi. Msuluhishi si hakimu, hamtii mtu hatiani. Huwakalisha pande mbili watafute mapatano, na yanayosemwa mle hayatoki nje. Huko Bara usuluhishi hupewa siku 30. Ukishindikana, shauri la kuachishwa kazi huenda kwa mwamuzi ambaye husikiliza mashahidi na kutoa tuzo, na asiyeridhika aweza kwenda Mahkama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Aliyeachishwa bila haki aweza kuamriwa arudishwe kazini au alipwe fidia. Hatutaki kuwadanganya: njia ni ndefu, na wako wenye haki walioshindwa kwa kukosa ushahidi. Lakini mara nyingi tajiri akiona karatasi zimepangwa kwa tarehe, huomba mapatano kabla ya kufika kwa mwamuzi.

Yawezekana baadhi yenu mwasema moyoni: haya ni makubwa, nani atamshinda tajiri mwenye mawakili? Tutawapa mfano wa mbali. Huko Ufaransa kampuni kubwa ya simu, France Télécom, ilitaka watu 22,000 waondoke katika kazi kati ya mwaka 2006 na 2008. Wengi wao hawakuweza kufukuzwa kwa wepesi. Basi yalitumika mambo haya haya tunayoyasema: kuhamishwa hamishwa, kunyang'anywa kazi, kukatishwa tamaa. Wako waliojiua. Vyama vya wafanyi kazi vilikwenda kwenye sheria, na nchi ile ilikuwa na sheria ya unyanyasaji kazini tangu mwaka 2002. Mwezi wa Disemba 2019 mahkama ya Paris iliitia hatiani kampuni ile pamoja na aliyekuwa mkuu wake, na mwezi wa Januari 2025 mahkama ya juu kabisa ikaithibitisha hatia ya wakuu waliokata rufaa. Miaka ilikuwa mingi. Lakini makaratasi hayakuchoka, na umoja haukuchoka.

Wala hatuna haja ya kwenda Ufaransa kujifunza umoja. Wazee wetu wanakumbuka, au wamesimuliwa, namna wachukuzi wa bandari ya Unguja walivyoacha kazi mwezi wa Agosti 1948, na mgomo ule ukaenea mjini hata ukawa mgomo mkuu. Walikuwa vibarua, watu ambao hapana aliyewauliza maoni yao. Mmoja wao angelalamika peke yake, angeambiwa aende zake. Walipokuwa wengi, Serikali ya siku zile ililazimika kuwasikiliza. Leo sheria imetupa meza ya kukalia ambayo wao hawakuwa nayo. Itakuwa khasara kubwa tukiiacha meza ile ikae tupu.

Kabla hatujamaliza, tuna neno zito kidogo, na tunaomba lisichukuliwe vibaya. Wako kati yetu sisi wenye maduka, wenye vyombo vya uvuvi, na wenye watumishi wa nyumbani. Yule binti anayetufulia na kutupikia ni mfanyi kazi. Yule kijana anayelala dukani akilinda mali yetu ni mfanyi kazi. Haiwi sawa tupande juu ya jukwaa kulaani dhulma za wakubwa, kisha turudi nyumbani tumwite mtumishi kwa jina la mnyama. Anayedai haki kwa ulimi wake, aitoe kwanza kwa mkono wake. Na mlango tunaowafunguliwa wengine ujue pia kutufungukia sisi tukiwa washitakiwa.

Basi ndugu wanachama, tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, kila Jumatano baada ya sala ya alasiri watakuwapo hapa tawini watu wawili wanaojua kuandika, ili amsaidie asiyejua kutunga barua yake, bila malipo na bila kuulizwa kadi ya chama. La pili, siri ya mtu itakayoletwa hapa itabaki hapa. Hatutaifanya kuwa habari ya kuchapishwa katika karatasi hii ila kwa ridhaa yake. La tatu, hatutamshauri mtu yeyote aache kazi kabla ya kumwuliza maswali manne: umeandika? umelalamika? siku ngapi zimepita? nani yuko pamoja nawe?

Yule kijana wetu wa Pemba alikaa mkutano wa mwanzo tulioyazungumza haya, pale nyuma karibu na dirisha. Ulipokwisha alitujia akasema, "Mimi yamekwisha nipita, lakini nina mdogo wangu amepata kazi Darajani. Nipeni nakala nimpelekee." Tulimpa mbili, moja ya mdogo wake na moja ya kumpa atakayekaa naye kazini.

Nanyi chukueni. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Dhulma hupenda giza na upweke, na karatasi moja ikipita mikono kumi huviondoa vyote viwili.

Wassalaam.